Hii picha ya mama na wanawe wawili, anawalinda ama anataka kuwaua?

fundi_fremu_langoni:

Assalam aleikum jamaa wote, na walioko Malindi na kwengine pia nawasalimu. Nataka msaada wa mtu anaejua picha za rangi za zamani za Ulaya, manake nna kazi ya mteja imenikaa mkononi na siwezi kuanza kuchonga mpaka nijue naichongea nini.

Mimi ni fundi wa mbao hapa Amu (Lamu), karakana yangu iko Langoni, natengeneza viti, makasha, milango ya kabati na fremu. Kuna mteja ana nyumba Shela ameniletea picha iliochapishwa kwenye turubai, ilikua imekunjwa ndani ya bomba la karatasi, anataka fremu ya mvule yenye nakshi pande zote nne na nakshi ameniachia mwenyewe nichague, bora tu "zipatane na picha", ndio maneno yake. Urefu wake ni sentimita 116 na upana 80.

Picha yenyewe ni mama amesimama ndani ya pango, kifua wazi, kichwani ana taji, ana watoto wawili wa kiume wako uchi amewabana kwa mikono yote miwili, na huo mkono wa kushoto uliombana mtoto ndio umeshika kisu kifupi kama jambia. Uso ameugeuza pembeni anaangalia kule mwangaza unakotoka, kama kuna watu wanawafuata. Mke wangu alipoiona mara ya kwanza akasema masikini mama wa watu, anawaficha wanawe wasichukuliwe na maharamia, na mimi nikaona hivohivo, kisu nikajua ni cha kujihami. Juzi mteja kapita kuniletea pesa za mbao nikamwambia hio picha nimeipenda, mama anavyowapigania wanawe, akaniambia la fundi, huyo mama ndie anaekwenda kuwaua. Sikupata la kujibu. Hakukaa kunieleza zaidi alikua anawahi boti ya Mokowe.

Tangu siku hio nimeigeuza ikatazama ukuta, kwanza kwa sababu ya kile kifua, karakana iko wazi njiani na watoto wa chuoni wanapita hapa jioni, na pili kwa sababu kila nikiitazama naona watu wawili, mama anaelinda na mama anaeua, na kila mmoja ana mato yaleyale. Nlikua nishachora kwenye karatasi maua ya waridi na mnyororo wa kuzunguka ukingoni kama tunavyofanya kwenye milango, sasa sijui. Naomba kujua: picha ni ya nani, hadithi gani, na je mtu ambae hajaambiwa kitu atajuaje kwa kuangalia tu kwamba huyu hawalindi?

mwalimu_sanaa_mld:

Waaleikum salaam fundi. Mimi nafundisha sanaa hapa Malindi na hio picha naijua vizuri, nimefurahi sana mtu kuiuliza hapa manake watu wengi wanaipita.

Huyo mama ni Medea, wa hadithi za Wagiriki wa kale, na mchoraji ni Eugène Delacroix, Mfaransa, alizaliwa 1798 akafa 1863, ndie kichwa cha ule mkondo wa Romantiki, yani uchoraji wa hisia kali, huko Ufaransa. Wengine mtakua mmeona ile picha yake ya mwanamke ameshika bendera juu ya maiti na watu wanamfuata na bunduki, ya 1830, bas ni yeye yule. Medea alimkaa moyoni muda mrefu, mwaka 1824 aliandika kwenye daftari lake la kila siku kwamba Medea anamshughulisha, na picha kubwa ikaja kuonyeshwa Paris 1838, yani miaka 14 baadae! Serikali ikainunua ikapelekwa mji wa Lille kaskazini, iko huko mpaka leo. Kisha mwaka 1862, mwaka mmoja kabla hajafa, akaichora tena ndogo, hio iko Louvre, makumbusho ya Paris. Ya Lille ni sentimita 260 kwa 165, ya Louvre ni 122 kwa 84. Sasa fundi chukua vipimo vyako, 116 gawanya kwa 80 unapata 1.45, ya Louvre nayo ni 1.45, ya Lille ni karibu 1.58. Kwa hivo kama aliechapisha hakukata pembeni, ulionayo wewe ni ile ya uzeeni.

Swali lako la mwisho ndio swali lenyewe hasa, na jibu ni kwamba mke wako ameona sawa kabisa. Delacroix ametaka uone hivo kwanza. Kuna picha ya Andrea del Sarto, Mtaliano wa Florence, aliichora 1518 alipokua anamtumikia mfalme François wa Kwanza huko Ufaransa, nayo iko Louvre, inaonyesha Upendo kwa umbo la mama alieketi na watoto watatu, mmoja ananyonya, mmoja amelala, na wote wameshikamana umbo la pembetatu, chini pana juu kumechongoka. Wachoraji wa Ulaya walichora umbo hilo karne na karne, mama katikati na watoto wamemganda, na mtu wa huko akiliona tu moyo wake unatulia, anajua hapa pana rehema. Delacroix akalichukua umbo lilelile, pembetatu ileile, nyama ya mama na nyama za watoto zimegusana vilevile, halafu akatia kisu. Hakubadilisha kukumbatia. Ile mikono inayowashika ndio inayowazuia wasikimbie, na huwezi kusema hapa mapenzi yameisha pale mauti yameanza, hakuna mstari.

Watazame watoto sasa. Mtoto anaelindwa na mama yake humganda mama, huingiza kichwa kifuani. Hawa wanajipinda, miguu inaning'inia, mmoja uso wake unaonekana na ni uso wa kulia. Hawatazami huko nje anakotazama mama. Kama hatari ingekua nje wangekua wanaangalia nje ama wamejificha kwake. Watoto wanajua hatari iko wapi.

Na kisu kiko chini, karibu na mwili wa mtoto. Mtu anaejihami kisu hukielekeza kwa anaekuja.

abu_shela:

Fundi mimi nitasema yangu kwa uzito na nia njema. Hio kazi iache, mrudishie pesa zake. Picha ya mama anaewachinja wanawe si ya kutundikwa nyumbani kwa mtu, nyumba ina watoto, ina wageni, ina wazee. Sanaa naiheshimu, wewe nakujua kwa kazi yako, ile milango ya kabati ulioifanyia jirani yangu ni kazi ya watu wa zamani. Lakini mkono unaochonga mlango wa bi harusi usichongee kitu kama hiki. Mwalimu ameeleza vizuri na nimejifunza, ila kueleweka kwa kitu hakukifanyi kiwe cha kutazamwa kila asubuhi unapokunywa chai.

mwalimu_sanaa_mld:

@abu_shela naelewa kaka na sibishani nawe kuhusu nyumbani kwako. Ila angalia neno moja, kwenye hio picha hakuna aliechinjwa. Hakuna tone la damu. Delacroix huyuhuyu 1824 alichora mauaji ya kisiwa cha Chios, Wagiriki waliouliwa na majeshi ya Waturuki 1822, na kwenye kona ya chini kulia kuna mama amekufa na mtoto wake mchanga bado anatafuta titi. Yani kuonyesha mauti alijua. Kwa Medea amechagua kusimama kabla. Kwenye hio picha watoto wako hai, na kila unaporudi kuitazama bado wako hai, na wewe unaeangalia unataka kumshika mkono. Mimi kwangu hio ni picha inayomfanya mtu awapende watoto zaidi.

binti_mkomani:

Mimi si mtu wa picha ila hadithi naijua, tuliisoma chuo kikuu ile tamthilia ya Euripides, mtunzi wa Kigiriki, ilichezwa Athens mwaka 431 kabla ya Kristo na kwenye mashindano ya mwaka huo ikatoka ya tatu, na nlivyoisoma nikiwa binti wa Amu iliniingia pahala ambapo wenzangu wa bara naona haikuwaingia, ngoja nieleze.

Medea hakua mwenyeji pale Korintho, mji wa Ugiriki anakoishi kwenye tamthilia. Kwao ni Colchis, mwisho wa Bahari Nyeusi, nchi ya Georgia siku hizi. Jason, Mgiriki aliekuja kuwa mumewe, alikwenda huko na chombo kutafuta ngozi ya kondoo yenye manyoya ya dhahabu, asingeipata abadan bila Medea, yeye ndie aliemfundisha namna ya kuichukua, akamsaliti babake kwa ajili yake, na nduguye akafa ili wao wapate kutoroka. Kwa hivo mlango wa kwao ushafungwa, hana kwa kurudi. Wakazaa wana wawili, wakawa wanaishi Korintho, kisha Jason akaenda kuoa binti wa mfalme, na anamjia Medea kumueleza ati ndoa hio ni kwa faida ya watoto, wapate ndugu wa kifalme na maisha mazuri. Wanawake mnaosoma hapa hayo maneno mmeshayasikia. Halafu mfalme Creon mwenyewe anakuja kumfukuza nchini yeye na wanawe, Medea anamuomba siku moja tu ajitayarishe, anampa. Ndani ya hio siku moja ndio anampelekea bi harusi nguo na taji zilizotiwa sumu, bi harusi anakufa, mfalme anamkumbatia bintiye nae anakufa, na mwisho ni watoto.

Sasa wekeni hio pembeni na fikirini Amu. Kwa mila zetu mzee akimuoza binti yake humpa nyumba, kama hana uwezo humjengea orofa juu ya yake, na mume ndie anaehamia. Ndoa ikivunjika mume anabeba sanduku lake anatoka, mke yuko kwake. Mamake yuko chini, dada yake nyumba ya pili, na pengine kuna wikio juu ya njia anapita kwenda kwa shangazi bila hata kutia mguu nje. Watoto usiku ule wanalala walipolala jana. Uchungu upo, sitaki mtu aniambie kwamba haupo, nimewaona mama wakikaa miezi hawali wakashiba, lakini kuna mikono mingi ya kumpokea mtoto mama akichoka. Medea hakua na hata mkono mmoja. Kuna mahala anasema kwamba ni afadhali asimame vitani mara tatu kuliko kuzaa mara moja, na mimi nikiyasoma hayo nlimuona mtu aliezaa peke yake ugenini hana mtu wa kumshika mgongo.

Simtetei kwa alichofanya, wale watoto hawakumkosea mtu. Ila kuna kitu nimekiona leo kwa maelezo ya fundi na kimenitikisa. Kwenye tamthilia watoto wanauliwa ndani ya nyumba, hatuoni kitu, tunasikia sauti zao tu zinaomba msaada na wanawake walioko nje wanasikia na hawafungui mlango. Mchoraji yeye amewatoa nyumbani akawaweka pangoni. Mama hana nyumba! Amefukuzwa mpaka amefika kwenye mawe. Fundi ukiuliza nakshi gani zinapatana na hio picha, mimi naona maua ya milango yetu hayawezi, manake yale maua na ule mnyororo kwetu ni dalili ya nyumba yenye wenyewe, na huyu ndio kitu alichonyang'anywa.

amu_ughaibuni:

Dada umesema kweli tupu, nimesoma mara mbili.

Mimi ni mzaliwa wa Amu niko Ufaransa kikazi, na ile kubwa ya Lille nimeiona kwa mato yangu, iko Palais des Beaux-Arts, makumbusho ya sanaa ya huko, kutoka Paris kwa treni ya kasi ni kama saa moja. Fundi kwa kipimo chako wewe, 260 kwa 165 ni mlango wa mabamba mawili wa nyumba za mbele huko kwetu. Unasimama mbele yake na yule mama ni mkubwa kama mtu wa kweli, yuko juu yako kidogo, na wale watoto wako karibu unaona unaweza kuwapokea ukinyosha mikono.

Kitu ambacho kwenye simu hakionekani vizuri ni kivuli. Mwanga unapiga kifua, mabega, na miili ya watoto, yote inang'aa, halafu kwenye uso wake unakatika. Kuanzia paji la uso mpaka mato kuko gizani, chini yake mdomo na kidevu viko kwenye mwanga. Yani sehemu ya mtu ambayo ungeitazama ujue anawaza nini, imefichwa. Nilikaa pale muda nikihama upande huu na upande huu nikitafuta yale mato. Yako, unayaona kidogo, lakini hayakutazami wewe wala hayawatazami watoto. Mkono umembana mtoto hata huoni atajitoaje, mwili mzima uko hapo na watoto, na akili yake iko nje ya pango kwa wale wanaokuja. Nadhani hilo ndio jibu la kwamba analinda ama anaua: wakati ule Delacroix alipomkamata, mwenyewe bado anasikiliza nyayo.

Kulikua na mama mmoja na binti yake mdogo pale, mtoto akamuuliza mamake kitu kwa sauti ndogo, mama akainama akamueleza taratibu, hakumvuta kumtoa. Namwambia abu_shela hili kwa heshima, kila mtu na nyumba yake.

Kuhusu fremu, mimi si fundi lakini ile picha giza lake ndio kubwa, pango linakula robo tatu ya ukingo. Ukizungusha nakshi nyingi zinazong'aa jicho litabaki kwenye mbao.

fundi_fremu_langoni:

Allah awalipe nyote, sikutarajia haya. Jana usiku nimemsomea mke wangu yote, mpaka ya abu_shela, na nilipofika pale pa binti_mkomani kuhusu wikio akaniambia nisimame nirudie.

Abu shela, nimekusikia kaka yangu na si kwamba nakupuuza. Kazi nitaifanya, ila haitakaa wazi njiani, nimeihamishia chumba cha ndani na nitaifunika shuka mpaka mwenyewe aje kuichukua, na nitamwambia pia ulivyosema ili ajue anapoitundika pawe chumba chake cha ndani, si sebuleni kwenye wageni.

Nakshi nimeziacha. Mvule nitaufanya upana wa sentimita 12 bila ua wala mnyororo, lakini sitaulaza bapa, nitaupiga randa uteremke kwa ndani, nje uwe juu ndani uwe chini, ili mtu akitazama jicho liwe linaingia kama anavyoingia pangoni. Kitu kimoja tu nitachonga, mstari mwembamba karibu na picha wa kupokea mwanga, na nimeamua mstari huo nitautia pande tatu tu, kushoto, juu na kulia. Chini nitaacha mbao tupu, manake chini ndiko iliko miguu ya wale watoto inaning'inia na sitaki kuifungia.

Mwalimu nina swali la mwisho. Mteja alitaja kioo mbele. Naona kama kitaharibu, nanyi mnasemaje, na ile turubai niigandishe na gundi kwenye ubao ama niivute?

mwalimu_sanaa_mld:

Ivute fundi, usigandishe. Tengeneza fremu ya ndani ya mbao nyepesi iliokauka vizuri, turubai uivute kutoka katikati ya kila upande ukielekea pembeni, upande mmoja kisha wa pili unaoukabili, usianzie kona itajikunja. Kioo usitie, turubai inataka kupumua na kwa joto letu la pwani unyevu utajifungia nyuma ya kioo na baada ya masika utaona madoa, tena kioo kitaakisi dirisha na yule mama ni giza tupu, mteja atakua anajiona mwenyewe. Mueleze hivo atakubali. Na misumari ya chuma usitie popote, Shela pale upepo wa chumvi utaila kabla ya mwaka kuisha na kutu itashuka kwenye picha, tumia skrubu za shaba hata kama ni ghali. Nyuma iache wazi na uweke vipande vidogo vya mbao kwenye kona za chini fremu isigande na ukuta, kuta za matumbawe zinatoa maji.

Huo mstari wa pande tatu nimeupenda sana. Ukimaliza nitumie picha ya fremu kabla haijatoka, upige ya ubavuni unaoonyesha mteremko, nataka kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu.